Kwa nini safari ya familia nje ya nchi huharibika siku ya tatu?

#1 BabaWatatu
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenisumbua miaka kadhaa, leo nimeamua kulileta hapa.

Nimeshatoka na familia nje ya nchi mara tatu. Desemba 2022 tulikwenda Mombasa na Diani kwa gari letu kutoka Kibaha. Juni 2023 tukaenda Kigali. Desemba 2024 nikajibana, tukaenda Dubai siku sita. Kila safari, siku mbili za mwanzo zilikuwa za furaha hadi nikajiuliza kwa nini tulichelewa kuanza. Na kila safari, siku ya tatu mambo yakaharibika. Mombasa, mama watoto aligoma kushuka garini mbele ya Fort Jesus. Kigali tulinuniana kuanzia mchana hadi kesho yake. Dubai, binti yangu mkubwa alilia ndani ya metro mbele za watu, na mpaka leo hajaniambia alikuwa analilia nini.

Nyumbani hatuna ugomvi. Watoto wana adabu. Hela ilikuwepo, si nyingi ila ya kutosha. Sasa Juni ijayo nataka tuende Livingstone, Zambia, tukaone maporomoko ya Victoria, na safari hii mama yangu mzazi, ana miaka 68, anakuja. Watoto wana miaka 14, 9 na 4. Sitaki hiyo siku ya tatu itukute mbele ya mama. Siku ya tatu ina nini?

#2 Mzigua_wa_Segera
Uchovu mkuu, usitafute mchawi. Kibaha mpaka Mombasa kupitia Horohoro ni karibu kilomita 500. Najua uliondoka saa tisa usiku. Watoto wakalala vipande vipande, mpakani mkashuka, gari likakaguliwa, Likoni mkapanga foleni ya kivuko. Siku ya kwanza mwili unaendeshwa na hamu. Siku ya pili bahari inawadanganya. Ya tatu mwili unadai usingizi wake wote kwa mkupuo. Mtoto wa miaka minne hasemi "nimechoka", anakataa tu kuvaa viatu.

#3 MamaPacha
#2 umesema kweli lakini umesema nusu.

BabaWatatu, naomba ujibu kwa dhati. Nani alifungasha mabegi? Nani alijua dawa ya homa iko mfuko gani? Diani mlikaa hotelini au mlikodi nyumba yenye jiko "ili tuokoe hela"? Maana hiyo nyumba yenye jiko naifahamu. Tulienda Jinja kuona mto Nile unapotokea ziwani, familia mbili, nyumba moja nzuri juu ya maji. Wanaume wakaenda kwenye mtumbwi na watoto. Mimi na wifi yangu tukabaki tunamenya matoke. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya tatu nilikaa juu ya ndoo nikajiuliza nimesafiri kwenda wapi.

#4 Mtu_wa_Pangani
Wahenga walishamaliza: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. 😄

#5 BabaWatatu
MamaPacha, Diani tulikodi nyumba yenye jiko. Nakubali, na nimeumia kusoma hapo kwenye ndoo. Ila Dubai tulikaa hoteli, kifungua kinywa kimo, chakula cha jioni tulinunua. Hakuna aliyeosha hata kikombe, na bado siku ya tatu ikaja. Kwa hiyo jiko peke yake halitoshi.

#6 KijanaWaLikoni
Kwanza nimfahamishe #2, sasa si lazima kupanga foleni ya feri. Barabara ya Dongo Kundu imefunguka, unatoka upande wa Kwale unaibukia Miritini bila kupanda feri. Mwaka huo wa 2022 ilikuwa bado, hapo nakuachia.

Pili ndugu yangu BabaWatatu, uliwapeleka Fort Jesus saa ngapi? Desemba ni kaskazi. Ile ngome Mreno aliianza 1593 kwa mawe ya matumbawe, na ikifika saa sita mchana yale mawe yanarudisha joto kama tanuri. Mtu na mwanawe mgongoni! Shemeji alifanya vyema kubaki garini.

Mombasa na watoto huendwa hivi: asubuhi mapema Haller Park kule Bamburi, wakalishe twiga. Wasimulie habari ya Owen, yule mtoto wa kiboko aliyebaki peke yake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa pale akajishikiza kwa kobe mzee aitwaye Mzee kama kwa mama yake. Wanangu huuliza habari hiyo kila mwaka. Mchana lala. Jioni Mama Ngina, mihogo ya karai na pilipili ya ndimu, madafu, meli zinapita karibu mpaka unawapungia mabaharia mkono. Hiyo siku ya tatu hutaiona.

#7 BabaWatatu
Saa saba mchana.

#8 KijanaWaLikoni
Subhanallah.

#9 Mhasibu_Mstaafu
Nimefuatilia kimya kimya. Mimi nasema ni hela, hata kama mwenye uzi anasema ilitosha. Kutosha na kuonekana inatosha ni vitu viwili.

Desemba 2018 niliipeleka familia Cape Town. Sisi Watanzania Afrika Kusini hatuhitaji viza kwa matembezi ya hadi siku 90, kwa hiyo nikaona nimeokoa fungu kubwa. Siku ya kwanza kila mtu anaagiza anachotaka. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu asubuhi nikahesabu, nikanyamaza. Na baba akinyamaza mezani, nyumba nzima inasikia. Tulikuwa tunangoja gari la kamba la kupandia Table Mountain, na upepo wa kusini mashariki wa msimu ule ulikuwa umelifunga. Mtoto akaomba aiskrimu. Nikamjibu vibaya mtoto wa watu kwa sababu ya upepo ambao hakuuleta yeye. Mlima tuliupanda siku ya tano, mita zaidi ya elfu moja juu ya bahari, na nikamwomba msamaha kule juu.

Tangu hapo natumia bahasha. Kila siku na bahasha yake, inafunguliwa asubuhi mbele ya wote. Ikiisha imeisha, ikibaki inaingia ya kesho. Na Dubai hesabu zake ni rahisi kwa sababu dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja ni dirhamu 3.67. Kinachocheza ni shilingi yetu dhidi ya dola, basi badilisha mapema.

#10 Nesi_Mbeya
Mhasibu, asante kwa kutaja kuomba msamaha. Wengi hawafanyi.

Kwa upande wangu wa kazi, ongeza maji na choo. Usicheke mtu. Watoto wakisafiri hawanywi maji ya kutosha, mama naye anapunguza kunywa kwa kuogopa choo cha njiani. Chakula kinabadilika, ugali na mboga vinapotea, vinakuja chipsi na soda. Kufika siku ya tatu tumbo limefunga. Mtoto mwenye tumbo lililofunga analia bila sababu unayoiona. Beba papai, beba ORS, na Livingstone kuna malaria, neti na dawa ya kupaka visisahaulike. Kadi ya njano pia.

#11 Fundi_Magari_Tanga
Nakazia kadi ya njano. Wengi wanafika mpakani hawana, bima yao inaishia Tanzania.

#12 Nesi_Mbeya
Ndugu, mimi nasemea kadi ya chanjo ya homa ya manjano, siyo bima.

#13 Fundi_Magari_Tanga
😂 Samahani dada. Kumbe zipo mbili. Basi wenye gari wajue: Kadi ya Njano ya COMESA ni bima ya kumlipa mtu mwingine ukimgonga ukiwa nchi ya nje, na sisi tumo kwenye mpango huo ingawa tulijitoa COMESA, ile jumuiya ya biashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Beba na kadi halisi ya gari. Kama gari lina mkopo au ni la shemeji yako, beba barua ya mwenyewe.

#14 Nesi_Mbeya
Na ya kwangu: chanja angalau siku kumi kabla ya safari. Tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, usikubali mtu akuambie kimeisha kwa sababu ya miaka kumi. Haya, turudi kwenye siku ya tatu.

#15 Binti_wa_Mutrah
Assalaam aleikum. Mie niko Muscat, na nasema upande wa mwenyeji maana hapa wote mnasema upande wa msafiri.

Kwetu kila Juni mpaka Septemba wanakuja jamaa kutoka Unguja na Dar. Sote tunaelekea Salalah, kusini mwa Oman, kwenye khareef, yaani msimu wa mvua wa kule, wakati Muscat inapikwa kwa jua na kule kuna mvua nyembamba na milima ya kijani mpaka ngamia wanateleza matopeni. Safari nzuri sana. Inaharibika pale ratiba ya familia inapogeuka ratiba ya kuamkia watu. Siku ya tatu ndiyo ya "twende tukamsalimie bibi fulani, alikuwa jirani ya marehemu". Watoto wanavalishwa, wanakaa kwenye makochi, wanalishwa halua, hawajui mtu. Nyumba nne kwa siku! Na huwezi kuacha hata moja, utasemwa mpaka Ng'ambo.

Na huyu wa #4, katika dini yetu ukarimu wa mgeni ni siku tatu kamili. Kwa hiyo siku ya tatu bado ni mgeni, jembe liwekeni chini.

#16 Mwalimu_Mlagarasi
Dada Binti, umemsahihisha vizuri, na mimi naongeza. Methali inasema siku ya tatu, lakini katika beti za zamani tulizofundishwa jembe halitoki mpaka siku ya nne. Siku ya tatu ndani ya nyumba hakuna kitu, vimebaki vibaba vitatu tu, na mgeni anakula pamoja na mwenyeji hivyo hivyo. Kwa hiyo siku ya tatu ya wazee si ya kufukuzana. Ni siku ambayo mgeni anaona nyumba ilivyo kweli. Naona hilo linahusiana na swali kuliko jembe.

Sasa BabaWatatu, naomba nikuulize kuhusu Kigali. Siku ya tatu mlikwenda wapi?

#17 Mtu_wa_Pangani
Nimelirudisha jembe ghalani. 🙏

#18 BabaWatatu
Mwalimu, imebidi nifungue picha kwenye simu ili nikumbuke tarehe.

Siku ya tatu tulikwenda Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari.

#19 Mwalimu_Mlagarasi
Nilihisi. Pale wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Mimi nilikwenda na wanafunzi wa kidato cha tano, na kile chumba cha watoto, chenye picha zao na vitu walivyopenda kula, kiliwanyamazisha vijana wa miaka 18 kwa siku mbili. Wako walikuwa na umri gani?

#20 BabaWatatu
Mkubwa 11, wa pili 6. Mdogo alikuwa na mwaka mmoja na nusu, mgongoni.

Nawaambia ukweli. Mke wangu usiku wa kabla alisema, "Huyu wa miaka sita abaki na mimi nje." Nikasema wajifunze historia. Tulipotoka, yule wa pili aliuliza kama watu wa hoteli yetu ni wabaya au wazuri. Mke wangu hakusema neno. Ndiyo kule kununa niliosema. Miaka yote hii nimeiita "siku ya tatu" kumbe alikuwa amenionya na sikumsikia. Nimekaa na simu hapa sebuleni, sijui niandike nini zaidi.

#21 MamaPacha
Kaka, kwenda si kosa. Ile historia ni ya kwetu sote wa ukanda huu. Kosa ni umri wa mtoto. Nenda kamwambie hayo hayo uliyotuandikia.

#22 Nesi_Mbeya
Na zungumza na huyo wa pili pia, sasa ana miaka 9. Swali lake huenda bado linamsubiri.

#23 Hamburg_Chumbageni
Poleni na hongereni kwa uzi. Sisi tulio Ulaya kwetu nje ya nchi ni kuja nyumbani. Wanangu wamezaliwa Hamburg, wakifika Tanga wao ndio wageni. Siku ya kwanza kucheza, ya pili baharini Raskazone, ya tatu mabegi yanafunguliwa kugawa zawadi, na hapo ndipo fulani anagundua fulani kapata kiatu na yeye kapata fulana. Mimi sasa zawadi nagawa siku ya mwisho, usiku, nikiwa nimeshafunga begi.

Aliyeniuliza pembeni kuhusu kumleta mama na watoto Ujerumani, najibu hapa wafaidike wote: tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya sita bure. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Unaweza kuomba miezi sita kabla, na Desemba usingoje wiki za mwisho.

#24 Dume_la_Ifakara
Nadhani wote mnakosea. Siku ya tatu haina kitu. Hesabuni nyumbani: baba anatoka saa kumi na moja alfajiri, watoto wanafuata basi la shule saa kumi na mbili, mnaonana saa mbili usiku. Kwa wiki nzima mnakaa pamoja macho wazi labda saa kumi na mbili. Safarini mnazimaliza siku ya kwanza. Kufika siku ya tatu mmekaa pamoja muda wa wiki tatu za Kibaha. Si safari iliyoharibika, ni familia inajuana.

#25 Mhasibu_Mstaafu
#24, hesabu yako naiheshimu, ila sisi wastaafu tupo pamoja nyumbani kutwa kucha na hatununi siku ya tatu.

#26 Dume_la_Ifakara
Mzee wangu, ninyi mlinuniana mwaka wa kwanza wa kustaafu, mkamaliza.

#27 Mhasibu_Mstaafu
Hapo umenishika. 😄

#28 MamaPacha
Kabla sijasahau, kwa wenye watoto wachanga: mtoto chini ya miaka miwili kwa kawaida analipiwa kama asilimia kumi ya nauli na anakaa mapajani. Akitimiza miwili mkiwa safarini, kurudi anahitaji kiti na nauli ya mtoto. Na mtu mzima mmoja hapakati wawili. Mapacha wangu walitimiza miwili tukiwa Johannesburg, nililipa viti viwili siku hiyo hiyo kaunta. Kata tiketi ukiwa na kalenda mkononi. Ndege ikianza kushuka mnyonyeshe au mpe kitu cha kumung'unya, masikio yanazibuka.

#29 Utingo_wa_Tunduma
BabaWatatu, Livingstone unakwendaje? Kama ni barabara, mwonee huruma bibi. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Nakonde hadi Lusaka nyingine kama 1,000. Lusaka hadi Livingstone karibu 480. Siku yako ya tatu itakukuta hata hamjafika. Panda ndege hadi Lusaka, lala, kesho yake basi la asubuhi.

Zambia hatuhitaji viza. Saa zao ziko nyuma yetu saa moja, kwa hiyo watoto wataamka mapema, usiwalaumu. Juni umechagua vizuri. Aprili maji ni mengi mno, unaona ukungu mtupu. Oktoba na Novemba upande wa Zambia unabaki mwamba. Juni maji yapo na unayaona. Wenyeji wanaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na wewe Mswahili hiyo "mosi" huhitaji kutafsiriwa. Urefu wake mita 108, upana zaidi ya kilomita moja na nusu. Lile daraja la miguu la upande wa Zambia linalowa na kuteleza, bibi asivuke na kandambili. Kodi makoti ya mvua pale pale. Halafu Juni usiku ni baridi kweli, kama Makambako.

#30 BabaWatatu
Utingo, asante sana. Nimebadilisha, tutapanda ndege.

Jana usiku nilimsomea mke wangu uzi wote, pamoja na #20. Tulizungumza mpaka saa saba. Ya Kigali yamekwisha. Kisha akasema ninyi nyote hamjapata jibu. Kwake siku ya tatu ndiyo siku ninapoanza kupigia simu ofisini. Siku mbili za mwanzo simu iko kwenye begi, ya tatu inatoka, na ikitoka hairudi. Fort Jesus aligoma kwa sababu nilikuwa nje ya gari dakika arobaini naongea na mteja, gari limezimwa, watoto ndani.

Na binti nimemuuliza leo asubuhi. Kwenye ndege ya kwenda Dubai aliomba avuke Creek kwa abra, ule mtumbwi wa dirhamu moja aliousoma shuleni. Nilimjibu "tutaona". Siku ya tatu tukaenda Burj Khalifa, tukatoka, tukaingia metro, akasikia ninamwambia mama yake kesho ni siku ya maduka. Dirhamu moja, wakuu.

#31 KijanaWaLikoni
Sasa mbona nasikia koo limekaza na mie si babake.

#32 Mzigua_wa_Segera
Bado nasema na usingizi umo. Mtoto aliyelala vizuri angekukumbusha, asingelia.

#33 Mwalimu_Mlagarasi
Mpe binti siku moja ya Livingstone aipange yeye, na bahasha yake ya Mhasibu mkononi. Wengine mfuate tu.

#34 BabaWatatu
Ameshaichagua, ni siku ya tatu. Bibi naye kaniuliza kama anaweza kupita na dagaa wa kukaanga kwenye ndege, na sina jibu. Utingo?

#35 Utingo_wa_Tunduma
Mimi nimezoea lori kaka, huko kwenye ndege ngoja waje wenyewe. Sweta za watoto umeshanunua?